Tuhfatul Atfal na Ulimi wa Mtoto wa Kiswahili

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu (S.W.) aliyeiteremsha Qur-ani kwa Kiarabu kilicho wazi, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, kitabu tunachokusudia kukitazama katika kurasa hizi si kigeni kwako. Tuhfatul Atfal cha Sheikh Sulayman al-Jamzuri (Mwenyezi Mungu amrehemu) kinasomeshwa katika vyuo vyetu vingi, mjini na mashamba, na wengi miongoni mwa maimamu wetu walikihifadhi kabla ya kubaleghe. Hatukusudii kukivunjia heshima. Tunataka kuuliza suala moja tu: je, kitabu hiki, kwa namna tunavyokitumia sisi, kinamfikisha mtoto wa Kiswahili kwenye usomaji sahihi wa Suratul Fatiha? Jawabu yetu ni kwamba peke yake hakimfikishi, na sababu haiko kwa mtunzi, iko kwetu sisi tuliokifanya kuwa kitabu cha mwanzo na cha mwisho.

Tuanze kwa kumpa mtunzi haki yake. Sheikh al-Jamzuri alikuwa Mmisri, na nisba yake ni ya Jamzur, karibu na mji wa Tanta. Alikitunga kitabu chake mwaka 1198 Hijria, yaani takriban 1784 Miladia, kwa beti 61 tu. Ndani yake amekusanya hukumu za nun yenye sukuni na tanwini, hukumu za mim na nun zenye shada, mim yenye sukuni, lamu, herufi mbili zinazofanana au kukaribiana, kisha madda na mafungu yake. Beti ni nyepesi, mpango wake ni safi, na mtoto anaweza kuzihifadhi kwa muda mfupi. Mwenyezi Mungu amekitilia baraka kitabu hiki hata kikafika pande nyingi za dunia ya Kiislamu, na si jambo dogo kwa beti 61.

Sasa tazama kisichokuwemo. Hakuna mlango wa makhraji, yaani mahali zinapotokea herufi, wala mlango wa sifa za herufi. Kilinganishe na Muqaddima ya Imamu Ibn al-Jazari, aliyezaliwa Damascus mwaka 751 Hijria na kufariki Shiraz mwaka 833. Yeye, baada ya utangulizi, anaanza na makhraji 17, akifuata hesabu ya al-Khalil bin Ahmad, kisha anaingia katika sifa za herufi, na ndipo anapozungumzia tajwidi na hukumu zake. Kwake yeye, wajibu wa mwanzo wa msomaji ni kujua kila herufi inatoka wapi na inatoka vipi. Sheikh al-Jamzuri hakuyataja hayo kwa sababu kitabu chake ni tunu ya watoto walioko mbele ya sheikh wao, na herufi mtoto alitakiwa kuzipokea kutoka kinywani mwa sheikh. Kitabu kiliandikwa kuwa msaidizi wa kinywa, nasi tumekifanya badala ya kinywa.

Matokeo yake tunayaona. Muulize mwanafunzi wa miaka kumi hukumu ya nun yenye sukuni inapofuatiwa na ainu katika neno "an'amta" la Suratul Fatiha. Atakujibu bila kusita: idh-har, kwa sababu ainu ni moja katika herufi sita za koo. Kisha mwambie alisome neno lenyewe. Wengi watasoma "anamta". Jawabu ni sahihi na kisomo ni kibovu. Herufi sita za koo amezihifadhi kwa majina, lakini ulimini mwake haa (ح) na ha (ه) ni kitu kimoja, na ainu (ع) na hamza (ء) ni kitu kimoja, basi sita zake ni nne. Atawezaje kuidhihirisha nun mbele ya herufi asiyoitamka?

Hapa ndipo lilipo tatizo la mpangilio. Kila umma una ulimi wake, na kila ulimi una upungufu wake mbele ya Kiarabu cha Qur-ani. Hata mtoto wa Kimisri, ambaye Kiarabu ndiyo lugha ya mama yake, mtaani kwao hasemi tha (ث) bali husema ta au sin, na dhali (ذ) huifanya dali au zay, na katika miji mingi qaf (ق) huifanya hamza. Mtoto wa Unguja kwa upande huo amepewa zaidi: anasema "thelathini", "dhahabu" na "ghali" tangu hajaingia chuoni, basi tha, dhali na ghaini hazimpi tabu. Darasa la mwanzo la mtoto wa Tanta haliwezi kuwa ndilo darasa la mwanzo la mtoto wa Kidichi.

Zaidi ya hayo, mlango ambao Tuhfa inauanza, nao ni wa nun yenye sukuni, ndiyo sehemu ambayo ulimi wa Kiswahili tayari umekaribia. Iqlabu ni kuigeuza nun kuwa mim mbele ya ba. Mswahili anafanya hivyo kila siku bila kufundishwa: sauti ya nun inapokutana na "-baya" au "-bovu" anasema "mbaya" na "mbovu". Na sauti ya puani inayoungana na herufi inayofuata, kama tunavyosikia katika "ndugu", "njia" na "nguo", si mbali na mlango wa ikhfaa. Linalobaki ni kumzoesha mtoto kuivuta ghunna kwa kipimo chake, kwa sababu sisi katika maneno yetu tunaipitisha haraka. Basi miezi mingi ya mwanzo inatumika kwa jambo ambalo nusu yake analo, na ambalo hana kabisa linaachwa lijitengeneze lenyewe. Halijitengenezi.

Ni yepi hayo asiyokuwa nayo? Tutaje manne.

La kwanza ni herufi zenyewe. Kiswahili kimechukua maneno mengi kutoka Kiarabu, na watu hudhani kwamba utajiri huo unamrahisishia mtoto. Kwa maana za maneno ni kweli unamrahisishia, lakini kwa matamshi unamdanganya, kwani neno limeshaingia ulimini mwake likiwa limevaa nguo za Kiswahili. Tunasema "dhambi" kutokana na neno lenye dhali (ذ), "dhaifu" kutokana na neno lenye dhad (ض), na "dhuluma" kutokana na neno lenye dhaa (ظ). Herufi tatu, kila moja ina sauti yake, na sisi tumezitia katika chombo kimoja. Vilevile "sadaka" na "salama" kwetu zina sin moja, ilhali ya kwanza ni sad (ص). "Kaburi" na "kitabu" zina kaf moja, ilhali ya kwanza ni qaf. Basi mtoto anapolikuta katika mas-hafu neno analolijua nyumbani, ndipo hatari ya kukosea inapozidi, kwa sababu hajioni kama anasoma kitu kigeni.

Wala usidhani haya ni mapambo tu. "Qalb" kwa qaf ni moyo, na kwa kaf ni mbwa. "Tin" kwa ta nyepesi ni tini iliyoapiwa katika sura ya 95, na kwa ta nzito (ط) ni udongo alioumbiwa binadamu. "Alim" kwa ainu ni Mjuzi, sifa ya Mwenyezi Mungu, na kwa hamza ni chenye kuumiza, sifa ya adhabu. Katika Suratul Israa peke yake mna "mahdhuran" mbili: ya aya ya 20 ni kwa dhaa, nayo ni kitu kilichozuiliwa, na ya aya ya 57 ni kwa dhali, nayo ni kitu cha kuogopwa. Imamu Ibn al-Jazari aliwahadharisha wasomaji wa zama zake na maneno haya hasa, pamoja na "asaa" ya sin yenye maana ya kutarajia na "asaa" ya sad yenye maana ya kuasi. Ikiwa aliwahofia wenye Kiarabu chao, sisi tuna haki zaidi ya kujihofia.

La pili ni sukuni. Silabi za Kiswahili hupenda kumalizika kwa irabu. Ndiyo maana "ilm" imekuwa elimu, "hukm" imekuwa hukumu, "waqt" imekuwa wakati, na hata majina ya Sala zetu, fajr, dhuhr na asr, yamekuwa alfajiri, adhuhuri na alasiri. Mtoto huyu huyu anapofika kwenye "alhamdu" ulimi wake unataka kusema "alihamudu". Kisha tunamfundisha qalqala katika herufi zake tano, bila ya kumfahamisha kwamba qalqala ni mtikisiko wa herufi iliyo na sukuni na si irabu. Matokeo yake anapata ruhusa ya kufanya kile alichokuwa akikitaka tangu mwanzo: "falaq" inakuwa "falaka" na "ahad" inakuwa "ahada". Hukumu iliyokusudiwa kuilinda sukuni imekuwa mlango wa kuivunja.

La tatu ni shada. Kiswahili hakikazi herufi kwa kuirudufu. Neno "haqq" tumelifanya haki, "sirr" tumelifanya siri, "hajj" tumelifanya hija, "hatta" tumelifanya hata, na "kull" limezaa kila. Kote shada imeanguka na hapana aliyeihuzunikia, kwa sababu katika Kiswahili maana haikupotea. Katika Suratul Fatiha mambo ni mengine. Humo mna shada 14, kama alivyozihesabu Sheikh Salim bin Sumair katika Safinatun Naja, kitabu ambacho watoto wetu wanakisoma bega kwa bega na Tuhfa. Tatu ziko katika Basmala, moja katika "lillahi", moja katika "Rabbi", mbili katika "Arrahmani Rrahimi", moja katika "ddini", mbili katika "iyyaka" na "waiyyaka", moja katika "ssirata", moja katika "lladhina", na mbili katika "ddhallina". Ni wanafunzi wangapi wanaoweza kuzitaja 14 kwa hesabu, na ni wangapi wanaozitimiza wakiwa wamesimama mbele ya Mola wao? "Iyyaka" hasa ndiyo inayoumia. Mafaqihi wa Kishafi wameeleza kwamba neno hilo likiondoshwa shada, maana inakwenda kwenye mwanga wa jua, na aabudiwaye anakuwa siye.

La nne ni urefu wa irabu. Mswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho na kuivuta kidogo. Ni tabia ya lugha wala si aibu, lakini ikiingia katika Qur-ani inazidisha herufi. "Na'budu" inakuwa "naabuudu", na waw isiyokuwepo imeongezwa. "Maliki" ya kisomo cha Hafsi, ambayo alifu yake ni ndefu na lamu yake ni fupi, inakuwa "maliiki", alifu imepunguzwa na ya imezidishwa. Tuhfa ina milango mizuri ya madda, na mtoto hujifunza kuhesabu haraka mbili, nne na sita. Lakini nani anayemfundisha kuiacha irabu fupi ibakie fupi?

Linaingia hapa pia suala la vijitabu vya Yasini na dua vilivyoandikwa kwa herufi za Kilatini. Waandishi wake, kwa nia njema, wameona sad na ta nzito haziandikiki, wakazitilia waw: "swirat", "twayyib". Sikio lao limesikia uzito wakaufananisha na waw. Msomaji asiyekuwa na mwalimu anakunja midomo na kutamka waw kamili. Uzito wa herufi hizo hautokani na midomo. Unatokana na kuinuliwa kwa ulimi upande wa nyuma kuelekea kaakaa. Herufi za Kilatini zinaweza kumkumbusha mtu alichokwisha kukisikia, lakini haziwezi kumfundisha asichokisikia.

Ndugu msomaji, huenda ukasema: mbona mnatia uzito katika jambo jepesi? Uzito umetiwa na mafaqihi, si na sisi. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, Fatiha ni nguzo katika kila rakaa. Imamu Nawawi katika Minhaj ametaja kwamba mwenye kubadilisha dhad kwa dhaa kisomo chake hakisihi kwa kauli iliyo sahihi zaidi. Na katika mlango wa jamaa amesema kwamba msomaji hamfuati "ummi", akamweleza ummi kuwa ni yule anayeharibu herufi moja au shada moja ya Fatiha. Akiwa hana uwezo wa kujifunza, Sala yake mwenyewe ni sahihi, na ya aliye mfano wake nyuma yake pia. Akiwa anao uwezo na hakujifunza, Sala yake haisihi. Basi yule kijana tunayemtanguliza kwa sababu amehifadhi majuzuu mengi na ana sauti nzuri, tumemsikiliza Fatiha yake? Hii ni amana ya jamaa nzima iliyosimama nyuma yake.

Hata hivyo, uadilifu unatulazimisha tutaje upande wa pili. Wako wanavyuoni waliofanya wepesi katika dhad na dhaa, na Ibn Kathir katika tafsiri yake ameona kwamba kuchanganya baina ya hizo mbili kunasameheka kwa kukaribiana makhraji yake. Na katika hadithi ya Bibi Aisha (R.A.) iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) amebainisha kwamba anayesoma kwa tabu na kwa kusitasita ana malipo mawili. Hadithi hii ni faraja kwa mzee aliyeanza kusoma mvi zimeshatoka, na haifai mtu kuicheka Sala yake wala kumkatisha tamaa. Lakini malipo mawili ni ya anayepata tabu kwa kujitahidi. Aliyeacha kujifunza hana tabu ya kulipwa.

Wengine hutoa udhuru kwamba sisi si Waarabu. Udhuru huu haukubaliwi na historia. Katika wasomaji saba mashuhuri, wanavyuoni wametaja kwamba Abu Amr na Ibn Amir ndio Waarabu wa nasaba, na waliobaki ni katika mawali. Nafi, imamu wa kisomo wa Madina, asili yake ni Isfahan na alikuwa mweusi wa rangi. Asim, ambaye kisomo chake kwa riwaya ya Hafsi ndicho tunachokisoma hapa Unguja, naye ni katika mawali. Na Sibawayhi, aliyezieleza herufi za Kiarabu na makhraji yake kwa uhodari ambao hadi leo unategemewa, alikuwa Mwajemi. Hawakuzaliwa na ndimi maalumu. Walikaa mbele ya walimu wao wakarekebishwa. Nasi katika kisiwa hiki, maandishi ya Kikufi katika msikiti wa Kizimkazi yana tarehe ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Watu walioishi na Qur-ani kwa zaidi ya miaka 900 hawana la kusingizia ugeni.

Kuna pia wanaosema kwamba siku hizi mwalimu ni simu. Kusikiliza ni kheri. Sheikh Mahmud Khalil al-Husary, Mwenyezi Mungu amrehemu, alirikodi Qur-ani nzima kwa murattal mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kisomo chake cha kufundishia kimewanufaisha wengi. Lakini rikodi inasema, haisikilizi. Haitamwambia mtoto kwamba haa yake imekuwa ha. Na mara nyingi anachokichukua kijana kutoka simuni ni lahani ya imamu wa Makka na vituo vyake, wakati herufi zimebaki zile zile za mtaani kwao. Elimu hii tangu Mtume (S.A.W.) alipoipokea kwa Jibrili (A.S.) ni ya ana kwa ana: mmoja anasoma, mwingine anasikiliza na kurudisha.

Basi tufanyeje? Hatusemi Tuhfa iondoshwe. Tunasema ipewe nafasi yake. Mwaka wa mwanzo wa tajwidi katika vyuo vyetu uwe ni wa kinywa mtupu: kwanza herufi saba ambazo Kiswahili hakina, nazo ni haa, ainu, qaf, sad, dhad, ta nzito na dhaa, na kwa wengine khaa iongezwe. Kila herufi isomwe pamoja na jirani yake inayochanganywa nayo, haa na ha, qaf na kaf, sad na sin, mpaka sikio la mtoto litenganishe kabla ya ulimi, kwa sababu asichokisikia hatakitamka. Kisha sukuni bila irabu, kisha shada, kisha irabu fupi na ndefu. Uwanja wa mazoezi uwe Suratul Fatiha, mtoto mmoja mmoja mbele ya maalim, na asivuke mpaka zitimie shada zake 14. Hapo ndipo aingie Tuhfa, na majina ya hukumu yatamkuta ulimi uko tayari. Akimaliza, apande kwenye Muqaddima ya Ibn al-Jazari ajue kwa elimu alichokwisha kukijua kwa mazoea.

Mpango huu hauhitaji fedha wala majengo. Kidichi yetu, ambayo wageni huijua kwa mashamba ya viungo na kwa hamamu za Kiajemi alizozijenga Seyyid Said mwaka 1850, ina watoto wanaokwenda chuoni kila siku, kama ilivyo Bububu, Mahonda na kote kisiwani. Kinachohitajika ni mwalimu ambaye mwenyewe amesahihishiwa kisomo na aliyemtangulia, na subira ya kumsikiliza mtoto mmoja aya moja mara kumi. Maalim mwenye watoto sitini mkekani hawezi kuyafanya hayo peke yake, basi wakubwa waliokwisha kusahihishiwa wawasikilize wadogo, kama ilivyokuwa ada ya vyuo vyetu. Na kamati za misikiti, kabla ya kumuuliza imamu mpya amehifadhi kiasi gani, zimwombe mjuzi aisikilize Fatiha yake.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu Sheikh al-Jamzuri na walimu wetu wote waliotufundisha, azitengeneze ndimi zetu na nyoyo zetu kwa Kitabu chake, na aijaalie Qur-ani iwe hoja yetu na isiwe hoja dhidi yetu. Amin. Wabillahi tawfiq.